Kidonge cha Kuazima

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, pembeni ya meza yangu ya kushonea viatu, mahali ambapo mvuke wa duka la dobi unatoka dirishani na kutupiga migongoni bure. Mimi wananiita Gundi, na kazi yangu inajieleza. Kahawa ni ya Mama Birika, ambaye huuza akiwa amekaa na kubishana akiwa amesimama. Bodi ananyoosha magari yaliyobonyea katika gereji iliyo ng'ambo ya barabara. Ana mikono ya kuinulia injini, lakini kikombe hukishika kwa vidole viwili kama bibi harusi. Kamusi alikuwa karani wa mafaili hospitalini miaka thelathini na moja, akastaafu na kalamu yake mfukoni, na mpaka leo anajiona nusu daktari. Wa tano ni Maiki, mshereheshaji. Mpe kipaza sauti ukumbini uone: watu wazima na akili zao wamewahi kucheka mpaka wakatoka nje kulegeza mikanda. Ndiyo maana Alhamisi ile alasiri, alipochomoa leso afute jasho na pakiti ya vidonge ikadondoka katikati yetu, hakuna aliyeelewa mara moja.

— Hii nini? Bodi aliuliza, ameshaiokota.

— Lete hapa, Maiki akasema.

— Nimeuliza, hii nini?

— Ya mbwa.

— Mbwa gani? Wewe hata paka wa dobi unamkimbia.

— Mbwa wa jirani.

— Na mbwa wa jirani anaitwa jina lako? Maana limeandikwa hapa juu, na umri wako.

Kamusi alikwishavaa miwani. Akaipokea pakiti, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaanza kusoma kama mtu anayepita kwenye matope.

— Se... seti... setaraleni. Miligramu hamsini. Kimoja kila asubuhi.

Akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

— Hii ni dawa ya wasiwasi, alisema. Mafaili yake nimeyabeba sana.

Mama Birika akaweka birika chini. Maiki, mtu wa maneno, aliangalia kiatu nilichokuwa nakishona kama vile majibu yameandikwa kwenye soli.

— Basi, akasema. Ni yangu.

Akatueleza. Miezi miwili nyuma, kwenye harusi ya mwenye duka la matairi, katikati ya utani kuhusu wakwe, moyo wake ulianza kwenda mbio bila sababu. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi. Akampa mpiga kinanda kipaza sauti, akamwambia ajaze nafasi, akaenda kukaa kwenye sakafu ya choo na suti yake ya kijivu.

— Nikajua nakufa, alisema. Nikaanza kumwandikia dada yangu ujumbe nimweleze kitambulisho changu nimekiweka wapi.

— Ukafa? Bodi akauliza.

— We, si unaniona hapa?

— Nauliza tu. Mtu anataka uhakika.

Zahanati walimpima moyo, wakamwambia mzima. Ni hofu, daktari akamwambia, ile inayokuja kwa kishindo. Tangu siku hiyo alikataa kazi nne. Sisi tulidhani msimu wa harusi umepoa.

— Sasa keshokutwa, alisema, anaolewa mpwa wangu. Mtoto wa dada. Yule niliyekuwa nambeba mabegani akinishika masikio kama usukani. Hataki mshereheshaji mwingine. Ameniambia, mjomba, kama si wewe, watu wale chakula, wanyamaze, waende zao.

— Na dawa?

— Leo siku ya kumi na mbili. Sijaona kitu. Kichefuchefu tu, na mdomo mkavu kama kadibodi. Moyo uko vilevile. Nikiwaza ule mlango wa ukumbi unafunguliwa, basi.

Mvuke wa dobi ulitoka, ukatuzunguka, ukaenda zake. Kisha Bodi akasimama, akavuka barabara, akaingia gereji. Tukadhani amekasirika. Akarudi na kopo lake la chakula cha mchana, akalifungua, akatoa karatasi iliyokunjwa, na ndani yake vidonge vidogo vya rangi ya waridi.

— Mimi ninazo zangu, akasema.

— Wewe! Mama Birika akashangaa. Na mikono yote hiyo?

— Mikono hiyohiyo. Nikipiga rangi mwenye gari akaja kusimama nyuma yangu, mkono unatetemeka kama simu iliyozimwa sauti. Mwaka jana nimemwagia rangi kioo kizima cha mbele. Nikapewa hizi. Nameza kimoja kabla ya kazi, nusu saa mkono unatulia.

Kamusi akasoma.

— Po-ro-pa-no-lo-li. Hilo jina au mlango unalia ukifunguliwa?

— Basi na mimi niseme, Mama Birika akasema. Akafungua pochi yake ya zipu, akachakura vifungo na risiti, akatoa vidonge viwili kwenye kipande cha karatasi ya rangi ya fedha. Mwaka ule mume wangu alipofanyiwa upasuaji, akasema, nilikuwa silali. Nikapewa daizepamu, vitano. Nikameza vitatu. Hivi viwili nimevitunza kama sahani za wageni.

Jamani. Miaka saba tumekaa ubao mmoja, tumejadili mpira, mvua, wakwe na bei ya sukari, na watu watatu kati ya watano walikuwa wamekalia siri moja. Bodi akaanza kucheka. Maiki akamfuata. Mama Birika akajifuta macho na ukosi wa blauzi. Mimi sikuwa na kidonge cha kutoa, na nakiri nilijisikia kama mtu aliyekuja kwenye sherehe mikono mitupu.

Mambo yakaanza hapo, maana sisi kitu kikishakuwa cha aina tatu, lazima tujue kipi bingwa.

— Yangu ndiyo dawa, Bodi akasema. Nusu saa! Yake siku kumi na mbili bado iko njiani.

— Inakuja kwa miguu, Mama Birika akasema. Yangu ilipanda gari. Unameza, unasema nilale upande gani, umeshalala.

— Dawa ya kulaza si dawa ya harusi, Maiki akasema. Nitamwozesha mtoto nikikoroma?

— Ngojeni, Kamusi akasema, na sote tukajua safari imeanza. Mambo haya yana utaratibu. Dawa inafuata rangi. Nyeupe inakwenda kichwani, kwa sababu fuvu ni jeupe. Ya waridi inakwenda moyoni. Ndivyo zinavyojua njia.

— Na ya bluu? nikauliza.

— Ya bluu inakwenda kwenye mishipa ya mkono. Angalia mkono wako.

Tukaangalia mikono yetu. Bodi akaitikia kwa kichwa, maana kweli mishipa ilikuwa bluu.

— Mimi naona ni ukubwa, Bodi akasema. Kidonge kidogo kina nguvu zaidi. Hakina nafasi ya unga, ni dawa tupu. Ni kama bolti. Bolti ndogo ndiyo inayoshika injini.

— Uongo mtupu, Mama Birika akasema, akasimama. Ni tumbo. Wasiwasi unaanzia tumboni. Ndiyo maana ukiogopa unakimbilia choo, si hospitali ya macho. Dawa inakuta wasiwasi umekaa pale umejinyoosha, inauambia, sogea. Yake Maiki ni ya heshima, inabisha hodi siku kumi na mbili. Yangu inapiga mlango teke.

— Na ya Bodi?

— Ya Bodi inapitia dirishani.

— Sikilizeni, Kamusi akasema, amenyanyua kalamu. Kuna jambo serikali za dunia hazisemi. Wasiwasi unapita kwenye waya. Kabla ya simu za mkononi, faili za wasiwasi zilijaa rafu moja. Zilipokuja simu, rafu nne! Nilizipanga mwenyewe. Kwa hiyo dawa yoyote inayoingia mwilini kwanza lazima ikate mtandao. Ya waridi inakata mtandao wa moyo. Ya kulaza inazima mnara mzima. Hii ya Maiki inabadilisha laini, na kubadilisha laini ni mchakato.

— Nilipobadilisha laini yangu, Bodi akasema, ilichukua saa ishirini na nne.

— Sasa piga hesabu ya mtu mzima.

Kwa kweli mimi nilikuwa nimeacha kushona. Nilikuwa na kandambili ya ngozi mkononi, sindano imesimama hewani, na mwenye kandambili alikuwa amekaa mwisho wa ubao, dada mmoja ambaye hatujawahi kumwona, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine juu ya kipande cha boksi nilichompa. Alikuwa ametulia, mkoba mapajani, akituangalia mmoja mmoja kama mtu anayefuatilia mchezo wa mezani.

Maiki hakuwa akicheka tena. Alikuwa anaangalia vile vidonge vya waridi.

— Bodi, akasema. Nusu saa kweli?

— Kweli kabisa.

— Leo saa kumi na moja tuna mazoezi ukumbini. Mpwa wangu atakuwepo, familia yote itakuwepo. Nikishindwa leo, Jumamosi sitaweza hata kuvaa viatu.

— Chukua viwili, ndugu yangu. Kimoja cha leo, kimoja cha Jumamosi. Hii yako ya kutembea kwa miguu achana nayo.

Na Bodi alivitoa kwa moyo mmoja, sisemi vinginevyo. Alichagua vile visivyokatika pembeni. Mama Birika akajaza kikombe nusu, akapuliza apoze, akampa Maiki kama anayempa mtoto. Kamusi akatikisa kichwa akiafiki. Na mimi? Mimi nilisema, haya, jina la Mungu, meza.

Kidonge kilikuwa kimefika mdomoni.

— Samahani kaka, yule dada akasema.

Maiki akasimamisha mkono.

— Hiyo ya kupuliza hapo mfukoni mwa shati, si ya pumu?

Maiki akajishika mfuko kama mtu aliyeambiwa anaibiwa. Kichwa cha ile dawa yake kilikuwa kimechungulia nje. Tunaiona kila siku. Huivuta vumbi la gereji likizidi.

— Ndiyo. Ya pumu. Tangu utoto.

— Na hicho kidonge cha mwenzako, mwenye pumu anaruhusiwa kumeza?

Swali lenyewe ndilo hilo, fupi hivyo. Bodi alimwangalia Mama Birika. Mama Birika aliniangalia mimi. Kisha sote tukamgeukia Kamusi, miaka thelathini na moja hospitalini. Kamusi akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akaangalia kidonge, akaangalia barabara.

— Faili lake, akasema polepole, mimi nililibeba tu. Sikulisoma.

— Wewe dada ni nesi? Bodi akauliza.

— Nauza nyuzi na vifungo. Lakini mama yangu ana pumu, na kila dirisha la dawa tunalofika, kitu cha kwanza wanauliza ni hicho. Jibu silijui. Ndiyo maana nimeuliza.

Bodi, taratibu sana, alinyoosha mkono wake mkubwa, akakichukua kile kidonge kutoka kwenye vidole vya Maiki, akakirudisha kwenye karatasi. Mkono ulikuwa unatetemeka, na hapakuwa na mwenye gari nyuma yake.

— Twende, akasema. Sasa hivi. Zahanati haijafungwa.

Tukaenda sote. Mama Birika alibeba birika kwa sababu haliachwi. Yule dada wa vifungo alikuja pia, kwa kuwa kiatu chake kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu na yeye amevaa ndara zangu za mvua. Zahanati iko mitaa miwili tu, lakini Bodi alituendesha kama anayewahi meli, kila hatua tano anamuuliza Maiki, unapumua? Mpaka Maiki akasema, nilikuwa napumua vizuri kabla hujaanza kuniuliza.

Daktari alikuwa binti mwenye miwani mikubwa, anafunga madirisha. Alituona tumejazana mlangoni na birika linafuka.

— Mgonjwa nani?

Maiki akanyanyua mkono. Bodi akanyanyua mkono. Mama Birika akanyanyua nusu.

— Ingieni wote, akasema, akaketi tena.

Tulimpangia dawa mezani, aina tatu. Alizisikiliza hadithi zetu mpaka mwisho, hata ile ya mtandao, na aliuma mdomo tu mara moja. Kisha akachukua kidonge cha waridi.

— Hii ni dawa nzuri, akamwambia Bodi. Kwako. Inapunguza mapigo na kutetemeka. Lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa. Huyu angeweza kushindwa kupumua hapohapo kwenye benchi, au katikati ya ukumbi.

Bodi aliketi. Hapakuwa na kiti, aliketi kwenye mizani.

— Nilijua una pumu, daktari akamwambia Maiki. Imeandikwa. Ndiyo maana nilikuchagulia hii nyingine.

— Kwenye faili? Kamusi akauliza.

— Kwenye faili.

Kamusi akavuta pumzi, akanyoosha ukosi wa shati. Nadhani ilikuwa siku njema kwake, pamoja na yote.

— Lakini haifanyi kazi, Maiki akasema.

— Haijaanza vizuri. Nilikuambia wiki nne, pengine sita. Ulinisikia?

— Nilikuwa nahesabu mapigo.

Daktari akacheka, na sisi tukapata ruhusa ya kucheka. Akamwambia kichefuchefu kwa wengi hupungua kadiri siku zinavyokwenda, ameze baada ya kula, na asiiache ghafla bila kuja kuzungumza naye. Kama haimfai, zipo nyingine za kujaribu, watatafuta pamoja. Kisha akashika karatasi ya fedha ya Mama Birika, akaigeuza nyuma.

— Mama, hii inatuliza haraka, lakini inalaza, na mwili unaizoea upesi mno. Ndiyo maana ulipewa ya siku chache tu. Halafu angalia hapa.

Mama Birika akasogeza uso.

— Imeisha muda miaka miwili iliyopita.

— Yaani nimemtunzia mgeni sumu? akasema, akajishika kifua, na daktari akavitumbukiza vile vidonge kwenye boksi la taka za dawa.

— Sasa kati ya hizi tatu, Bodi akauliza kutoka kwenye mizani, bingwa ni ipi?

— Bingwa wa nani?

Bodi akanyoosha mkono, akavikunja vidonge vyake kwenye karatasi.

Daktari akamgeukia Maiki, akamuuliza Jumamosi anaogopa nini hasa.

— Kwamba itakuja nikiwa mbele yake, akasema. Mpwa wangu. Kwamba atakumbuka harusi yake hivyo.

— Inaweza kuja, daktari akasema. Sitakudanganya. Ikija, inapanda, inafika juu, inashuka. Ni dakika. Mara ya kwanza ilishuka?

— Ilishuka.

— Basi weka mtu karibu. Ikianza, mpe kipaza sauti, toka, weka miguu chini, toa pumzi polepole, ndefu kuliko unavyoivuta. Subiri ishuke, urudi. Nani atakuwa karibu?

Mikono mitano ilinyanyuka, na wa yule dada wa vifungo ukiwemo, ambaye hata jina la bibi harusi alikuwa halijui. Na hivyo ndivyo benchi letu lilivyoalikwa harusini. Kamusi ndiye aliyeteuliwa kupokea kipaza sauti, kwa sababu moja tu: ndiye peke yake mwenye suti.

Mazoezi ya jioni ile yalikwenda hivihivi. Maiki alijikwaa mara mbili, akarudi nyumbani salama.

Jumamosi saa tisa tulikuwa meza ya pembeni, karibu na mlango, tumepangwa kama wachezaji wa akiba. Maiki alianza vizuri. Alimtania bwana harusi, akawatania wazee, ukumbi ukapata moto. Kisha milango mikubwa ikafunguliwa na mpwa wake akaingia.

Nilimwona. Alikuwa katikati ya sentensi, na sentensi ikakatika. Mkono ukaenda kwenye tai. Akatembea mpaka kwetu kwa hatua za mtu anayevuka mto, akaweka kipaza sauti mbele ya Kamusi.

— Dakika mbili, akanong'ona.

Nikatoka naye. Tulisimama kando ya tangi la maji, nimemshikia koti. Uso ulikuwa umelowa. Miguu chini, nikamwambia, kana kwamba mimi ndiye niliyesomea.

— Gundi. Inapanda.

— Acha ipande.

— Imefika juu kabisa.

— Ikifika juu kabisa inakwenda wapi?

— Daktari anasema inashuka.

— Tusubiri basi. Hatuna haraka.

Tukasubiri. Alitoa pumzi kama mtu anayepoza chai ya mwenzake, polepole, tena na tena. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilihesabu misumari kwenye mlango wa jiko. Kisha mabega yake yakateremka kidogo, na kutoka ndani ikaja sauti ya ukumbi mzima unaangua kicheko.

Maiki akainua kichwa.

— Nani anawachekesha?

Ikaja ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Mtu alikuwa anapiga meza.

— Sijui, nikasema. Aliyebaki ni Kamusi.

— Kamusi? Kamusi yupi?

Akaninyang'anya koti, akaingia ndani, mkono mmoja tu ndio umeingia kwenye koti hilo. Tulimkuta Kamusi katikati ya ukumbi, kidole juu, uso wa kazi kabisa.

— Ndoa, alikuwa anasema, ni faili. Ukurasa wa kwanza, jina. Ukurasa wa pili, panauma wapi. Msipoteze ukurasa wa pili! Na bwana harusi, nakuomba, usije ukaandika kwenye faili la jirani.

Watu walikuwa hoi. Shangazi mmoja alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha meza. Kamusi mwenyewe hakuelewa wanacheka nini. Alikuwa anatoa mafunzo. Maiki akanyoosha mkono achukue kipaza sauti, Kamusi akakirudisha nyuma.

— Bado ukurasa wa tatu.

— Lete, mzee.

— Wa tatu ndio wenye sahihi!

Walivutana mbele ya watu mia mbili, na nakuapia walipigiwa makofi kuliko keki. Mwishowe Maiki akakipata. Mpwa wake, ameketi juu jukwaani na shela, akauliza kwa sauti:

— Mjomba, ulikuwa wapi?

Angeweza kusema lolote. Kudanganya ukumbi kwa dakika moja ni kazi yake. Aliangalia kipaza sauti.

— Nilikuwa nje, napumua, akasema. Siku hizi moyo wangu unakimbia bila kuniaga, na natumia dawa. Ulipoingia hapo mlangoni ukatoka mbio kuliko siku zote. Nikaenda kuungoja, umerudi. Sasa nipo, kama utanivumilia.

Nilisikia barafu ikijigeuza kwenye jagi. Yule binti akasimama, akakusanya gauni lake lote mikononi kama anayevuka dimbwi, akateremka ngazi, akamkumbatia mjomba wake, kipaza sauti katikati yao kikapiga mluzi wa kutoboa masikio. Hakuna aliyejali. Bodi alikuwa analia waziwazi, na yule dada wa vifungo akimpa leso moja baada ya nyingine.

Maiki akaendesha harusi mpaka mwisho. Alitoka nje mara moja tena, akarudi.

Sasa ni wiki ya saba ya dawa. Anasema siku moja aligundua amekula chakula cha asubuhi chote bila kuhesabu kitu, akashtuka. Moyo bado humkimbia mara chache, anaujua. Kila mwezi anarudi kwa yule binti wa miwani, na dawa ni ileile ya kila asubuhi. Bodi vidonge vyake haazimishi hata kwa maneno. Dada wa vifungo anakuja kila Alhamisi, nimemtengea nafasi kwenye ubao, na kandambili yake nilishaimaliza zamani.

Jana alikuja bwana mmoja mwenye suruali iliyopigwa pasi ya kukata. Maiki akasimama, akatengeneza kola.

— Karibu. Ni harusi au mahafali?

— Mahafali ya mwanangu, bwana akasema. Lakini samahani, namtafuta yule mzee wa mafaili.

Maiki akairudisha kola ilivyokuwa. Mama Birika alilazimika kwenda kucheka ndani kwa dobi. Kamusi alikubali kwa heshima zote, akaandika tarehe kwa kalamu yake, akapeana mkono na mgeni. Bwana alipoondoka, akashika kikombe. Kahawa ikamwagika kidoleni, kisha kwenye goti.

— Alisema watu wangapi? akauliza.

— Mia tatu, nikasema.

Akakiweka kikombe chini kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na nadharia yoyote.

— Ile siku mimi sikujua kama wanacheka, akasema kwa sauti ndogo. Sasa najua. Nitafanyaje, na mimi najua?

Hakuna aliyemtania. Maiki akasogea kwenye ubao mpaka mabega yao yakagusana.

— Nitakaa meza ya mbele kabisa, akasema.

— Usichelewe, Kamusi akamwambia.